Kutoka Siwindhe Hadi Darasani

Msomaji kijana, ukiulizwa elimu iliingia lini katika nchi ya Wajaluo kando ya Ziwa Viktoria, huenda ukajibu upesi kwamba iliingia pamoja na kengele ya misheni. Jibu hilo limo katika vitabu vingi, na walimu wengi, nami nikiwa mmoja wao, tumelifundisha bila kulifikiri. Lakini kengele ilipolia kwa mara ya kwanza, watoto wa Sakwa, Yimbo, Asembo na Uyoma walikuwa tayari ni wanafunzi. Walikuwa na walimu wao, saa zao za masomo, mitihani yao, hata na aibu yao ya kushindwa. Walisomea nyumbani. Insha hii yataka kukueleza namna watoto hao walivyotolewa katika masomo ya nyumbani wakatiwa katika masomo ya shule, na nyumba zao zilifanya nini baada ya kuwatoa. Maana jambo hili la pili husahauliwa, nalo ndilo kubwa.

Tuanze jioni, katika boma la Kijaluo la zamani, karibu na mahali ulipo sasa mji wa Bondo. Jua limekuchwa upande wa Yimbo. Ng'ombe wamo zizini na moshi umetanda juu ya mapaa ya nyasi. Watoto wadogo na wasichana wasioolewa waelekea nyumba moja iitwayo siwindhe. Ndani yake akaa mwanamke mzee aitwaye pim, naye ndiye mlezi na mwalimu wao. Mara nyingi pim hakuwa nyanya wao wa damu. Alikuwa mwanamke aliyetoka ukoo mwingine, pengine nchi ya mbali, akakaribishwa bomani kwa kazi hiyo. Fikiri maana yake. Mtoto aliyelala katika nyumba ya pim alisikia habari za mito ambayo hajaivuka, za vita ambavyo baba yake hakupigana, na za desturi zisizo za kwao. Siwindhe ilikuwa dirisha la kutazamia ulimwengu.

Somo lilianza kwa vitendawili, likaendelea kwa hadithi. Palikuwa na sungura mwerevu na fisi mlafi, na zimwi Apul-Apul aliyewatetemesha wasikilizaji hata wakasogeleana. Pim hakuhadithia peke yake. Kila mtoto alipewa zamu yake, na aliyerukaruka au kusahau mwisho alirudishwa nyuma na wenzake kwa kicheko. Aliyemaliza vizuri alijiombea kwa sauti kwamba akue awe mrefu kama mti wa kwa mjomba wake. Humo msichana alijifunza maneno ya heshima na maneno ya hatari, nasaba ya mama yake, na namna ya kumtambua mchumba mwema na mchumba mlaghai. Humo alijifunza kusema mbele ya watu bila kutetemeka, jambo ambalo mimi huhangaika kuwafundisha wanafunzi wangu kwa muhula mzima.

Wavulana walipokua kidogo walitoka siwindhe wakaanza kukaa duol, kibanda cha mwenye boma kilichokuwa karibu na zizi. Moto uliwaka hapo, nao wazee walikula hapo na kuamua mashauri. Mvulana hakuruhusiwa kusema sana, aliruhusiwa kusikia. Alisikia mipaka ya mashamba ikitajwa kwa miti na mawe, madeni ya ng'ombe yakikumbukwa tangu siku za babu, na habari za Ramogi ambaye, kama wazee wasimuliavyo, aliweka makao yake juu ya kile kilima cha Yimbo kiitwacho hata leo Got Ramogi. Mchana alichunga, na uchungaji huo ulikuwa shule pia, kwani ilimpasa amjue kila mnyama kwa rangi na pembe zake, ili jioni ajue mara moja ni yupi hakurudi. Alicheza ajua, mchezo wa bao, akajumlisha na kutoa kokoto akilini bila kalamu. Na yule aliyezaliwa pwani ya ziwa alijifunza upepo: upi waruhusu mtumbwi kutoka na upi waua.

Sitaki udhani kwamba nakusifia mambo ya kale kwa kuwa ni ya kale. Elimu ile ilikuwa na upungufu wake. Haikuwa na maandishi, hivyo mzee alipokufa ghafula alizikwa pamoja na maktaba yake. Ilimwambia msichana mapema mno mwisho wake ni wapi. Wala haikuweza kumwandaa mtu kwa dunia mpya iliyokuwa ikija kwa kasi kutoka mashariki, juu ya njia mbili za chuma.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Baada ya reli zikaja kodi na machifu wa serikali na makarani, na karatasi zilizoamua mambo ya watu wasioweza kuzisoma. Mwaka 1906 mmisionari wa Kanisa la Uingereza aitwaye J. J. Willis alianzisha shule huko Maseno, karibu na mstari wa ikweta, kwa wavulana wachache, wengi wao wana wa machifu.

Hapo wazee wakafanya hesabu, na hesabu yao haikuwa ya kijinga. Mvulana wa miaka kumi alikuwa mchungaji. Akienda shule, nani atakwenda na ng'ombe? Tena atarudi vipi? Atakula chakula cha wageni, atavaa nguo zao, ataitwa jina lao. Je, atajua bado kuketi duol? Simulizi nyingi za Nyanza zasema kwamba watoto walipodaiwa, baadhi ya mabomba walimtoa yatima, au yule asiyetegemewa sana kazini, wakambakiza mpenzi wao nyumbani. Baada ya miaka michache yatima yule akarudi akiwa karani mwenye mshahara, na mpenzi yule alikuwa bado akichunga. Sijui somo lililowafundisha wazee wa nchi hii upesi kuliko hilo.

Watoto wenyewe nao walikuwa na mawazo yao. Mwaka 1908 wanafunzi wa Maseno waligoma, wakakataa kazi za mikono, wakisema kwamba wamekuja kusoma. Wanafunzi wangu hucheka kila ninapowaeleza habari hii, na mmoja aliniuliza kama kiongozi wa mgomo huo bado angekubaliwa kuwa kiranja. Lakini tazama jambo lenyewe. Vijana wale walikuwa wakijua kulima tangu nyumbani. Kwao jembe lilikuwa somo walilolimaliza. Walichokifuata Maseno ni kile ambacho pim hakuweza kuwapa.

Sasa twafikia sehemu ambayo vitabu huipita haraka. Maseno ilikuwa shule ya wachache. Watoto wengi wa Bondo na jirani zake walianza kusoma katika shule ndogo za kijijini, zenye mwalimu mmoja aliyesoma miaka michache tu, zikiwa chini ya mti au ndani ya kanisa la udongo. Maranda, ambayo leo ni shule ya sekondari mashuhuri, huhesabu mwanzo wake tangu 1919. Katika shule hizo ndogo mtoto alisoma kwa Kijaluo, na jioni alirudi bomani. Kwa muda wa miaka mingi, basi, mtoto mmoja alikuwa na walimu wawili: asubuhi mwalimu wa ubao, usiku pim au babu. Agano Jipya kwa Kijaluo lilitoka 1926, na Biblia nzima 1953. Na kwa kuwa lugha ya kitabu ilikuwa ndiyo lugha ya jikoni, mtoto aliweza kumsomea mama yake ukurasa ule ule aliosomeshwa mchana, na mama akauelewa, akauliza swali. Watu walioshika mambo mapya waliitwa jonanga, yaani watu wa nguo. Jina hilo lilikuwa na kejeli kidogo ndani yake, lakini boma lililokuwa na mtoto mmoja jonanga lilimtumia kusoma barua za jirani wote.

Nyumba nazo zililipa gharama, na si ya fedha peke yake. Ng'ombe aliuzwa ili karo ipatikane. Ndugu mdogo alichunga zamu mbili. Mama aliamka alfajiri apike uji ili mwanafunzi asitembee na njaa. Twasema kwamba misheni ilijenga shule, na ni kweli. Lakini wanafunzi waliojaa ndani yake walitunzwa na watu wasiojua kusoma hata herufi moja.

Watu hao, isitoshe, hawakunyamaza. Mwezi wa Desemba 1921 ulifanyika mkutano mkubwa huko Lundha, katika nchi ya Gem, ulioongozwa na vijana waliosomeshwa Maseno, miongoni mwao Jonathan Okwiri. Chama chao kiliitwa Young Kavirondo Association, nao watu wakakiita Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Walilalamikia kodi na kazi za kulazimishwa, na pamoja na hayo waliomba shule ya serikali. Ombi hili lastahili kuangaliwa. Miaka kumi na mitano tu baada ya wazee kuuliza nani atachunga ng'ombe, nchi ile ile yadai shule zaidi, tena shule isiyo mali ya kanisa lolote bali ya watu wote. Mabaraza ya wenyeji yalipoundwa katika miaka ya 1920, watu wa Nyanza walikubali kujitoza wenyewe kwa ajili ya elimu.

Mtoto mmoja wa Sakwa atatuonyesha jambo hili kwa karibu. Oginga Odinga alizaliwa kama mwaka 1911 katika kijiji kimoja huko Bondo. Alisoma Maranda, kisha Maseno, kisha Alliance High School, kisha Makerere. Akarudi Maseno kufundisha, na baadaye akawa mkuu wa shule ya mifugo hapo. Wengi humkumbuka kama Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya, cheo alichokipata 1964 na kukiacha 1966. Mimi humkumbuka kwanza kama mwalimu. Kanisani alibatizwa Obadiah Adonijah; baadaye aliyaacha majina hayo akabaki na yale aliyopewa bomani, na wanawe aliwapa majina ya wahenga wao. Katika kitabu chake Not Yet Uhuru kilichotoka 1967 alieleza kijiji cha utoto wake kwa mapenzi na kwa usahihi, kama mtu anayemtaja mwalimu wake. Chuo kikuu kinachoitwa kwa jina lake, kilichopata hati yake 2013, kimesimama Bondo penye viwanja vilivyokuwa vya chuo cha walimu.

Wasichana walikawia zaidi. Yule aliyehesabiwa kama mahari ya kesho hakuachiwa upesi. Ndiyo maana habari ya Grace Ogot ina thamani kubwa. Alizaliwa Asembo mwaka 1930. Baba yake alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo wa huko kupata elimu ya shule, akafundisha katika Shule ya Wasichana ya Ng'iya, na nyumbani alimsomea bintiye hadithi za Agano la Kale. Nyanya yake naye alimhadithia hadithi za kale za Wajaluo. Tazama nyumba hiyo: kitabu kiko upande mmoja wa moto na pim yuko upande wa pili, wala hakuna aliyemfukuza mwenzake. Msichana yule alisoma Ng'iya na Butere, akawa muuguzi, akawa mwandishi. Riwaya yake The Promised Land ilichapishwa 1966, na mkusanyo wa hadithi Land Without Thunder 1968. Baadaye aliandika kwa Kijaluo pia. Miaha, iliyotoka 1983, ni hadithi ya kale ya Kijaluo iliyovikwa mavazi ya kitabu. Asingaliweza kuiandika kama asingalikwenda shule, na shule yoyote ya siku zake isingaliweza kumfundisha.

Wakati huo, hata hivyo, siwindhe ilikuwa ikizimika. Hakuna baraza lililokaa likaamua kuifunga. Watoto walipelekwa shule za bweni. Baba walikwenda kufanya kazi Kisumu, Nairobi na Mombasa. Taa ya karabai ikawaka mezani na mtoto akawa na hesabu za kumaliza. Uhuru ulipopatikana, Tume ya Ominde ilipendekeza 1964 kwamba Kiingereza kitumiwe kufundishia tangu darasa la kwanza. Tume ilikuwa na sababu zake, maana nchi yenye lugha nyingi ilitaka watu wake waelewane na wapate kazi. Lakini usiku ule mama hakuweza tena kuuliza swali. Alimtazama mtoto akiandika, akajua tu kwamba anaandika. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ilishauri kwamba watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo, na ushauri huo haukufutwa. Kuutimiza ndiko kulikokuwa kugumu.

Milango ya shule, kwa upande wake, ilizidi kupanuka. Karo za madarasa manne ya kwanza ziliondolewa 1974, na mwaka 2003 karo za shule zote za msingi za serikali. Mwaka huo peke yake idadi ya wanafunzi nchini iliongezeka kwa zaidi ya milioni moja.

Yuko mtu mmoja ambaye husimama akilini mwangu kila nikifundisha habari hizi, naye ni Bethwell Ogot, mume wa Grace, aliyezaliwa Gem 1929 na kufariki 2025. Alipita Maseno na Makerere, akaenda Uskochi na London. Huko wataalamu wengi walishikilia kwamba mahali pasipo maandishi hapana historia. Yeye akarudi nyumbani na daftari, akaketi na wazee, akawauliza yale yale waliyokuwa wakiwafundisha wavulana kando ya moto: nani alimzaa nani, walitoka wapi, walivuka mto gani, walipigana na nani. Kutokana na majibu hayo alitunga History of the Southern Luo, iliyochapishwa 1967. Kabla yake Paul Mboya wa Karachuonyo alikuwa amekwisha kuandika kwa Kijaluo kitabu cha mila, Luo Kitgi gi Timbegi, mwaka 1938. Duol ilikuwa imeingia maktabani, ila ilichelewa: wazee wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Niruhusu sasa niseme habari zangu kidogo. Nililelewa na nyanya yangu asiyejua kusoma. Kila jioni alinitaka nimweleze kwa Kijaluo alichosema mwalimu mchana. Nikimwambia, "Tumesoma mvuke," aliuliza mvuke watoka wapi na waenda wapi, nikishindwa kumweleza, alisema, "Basi hukusoma, ulikaa tu." Daftari langu alilifungua, akatafuta wino mwekundu, akahesabu alama za kosa kwa kidole. Nilimwogea nyanya kuliko mtihani. Nami nilipohitimu chuo cha ualimu na kupewa kazi, shule nitakayoiacha bila jina ilikuwa na kibao cha mbao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyesema Kijaluo uwanjani, nami nilikivisha watoto kwa mikono hii. Nilifanya hivyo mwaka mzima kabla ya kumkumbuka nyanya.

Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Serikali ilitangaza masomo kwa redio, lakini katika nyumba nyingi za kando ya ziwa redio haikuwako, au betri zilikwisha. Kwa muda wa miezi tisa watoto wetu walikuwa tena wanafunzi wa nyumbani, kama babu zao. Siku ya kurudi niliwapa karatasi nikawaagiza waandike walichojifunza. Karibu wote waliandika kwamba hawakujifunza kitu.

Nikaziweka karatasi kando, nikauliza swali lile lile kwa Kijaluo. Mwanzoni walitazamana. Kisha msichana mmoja wa nyuma akasimama. Alikuwa amekaa na nyanya yake mwenye kukausha omena ufukoni. Alitueleza namna ya kuitandaza juu ya nyavu kabla jua halijawa kali, na namna ya kuigeuza. Akatueleza kwamba mvua ikiinyeshea huharibika rangi, ikauzwa kwa chakula cha kuku, na bei ikashuka chini ya nusu. Alijua ni gorogoro ngapi zilizohitajiwa ili kulipa deni la mwenye mtumbwi, na ni ngapi zilizobaki za unga na sabuni. Nilizifuata hesabu zake ubaoni kwa chaki, nikazikuta sahihi zote isipokuwa moja, na hiyo moja nilikuwa nimeikosea mimi.

Nilimwambia, "Binti yangu, haya ndiyo niliyoyaomba. Yaandike."

Akaniuliza, "Mwalimu, niandike kwa lugha gani?"

Nilimjibu aandike kwanza kwa ile aliyojifunzia, kisha tutaigeuza pamoja darasani, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kazi hiyo ilituchukua juma zima, na mara mbili ilitubidi tutume mtu ufukoni kumwuliza nyanya yake maana ya neno.